Binti anaposema, "Nasikia harufu"



Tulipokwenda Machakos kwa darsa, mama mmoja alitujia baada ya swala ya Alasiri akitaka tumsomee bintiye. Binti huyo huanguka kifafa, na kabla ya kuanguka husema: "Mama, nasikia harufu ya kitu kinaungua," ilhali hakuna moto. Jirani walisema hiyo ni harufu ya jini anayekuja, na dawa za hospitali zikaachwa.

Tulimsomea, kwani Qur'ani ni shifaa. Kisha tukamweleza mama yake yale tunayowaeleza nyinyi leo.

Ubongo aliouumba Mola hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 tabibu Mjerumani, Hans Berger, aliupima umeme huo kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Leo hupimwa kwa kubandika nyaya kichwani, bila maumivu. Kifafa hutokea chembe nyingi za ubongo zinapotoa umeme kwa pamoja, kupita kiasi. Harufu anayoisikia binti ndiyo mwanzo wenyewe wa kifafa, kikiwa bado kimo katika sehemu ndogo ya ubongo. Kwa baadhi ya wagonjwa, umeme huo hubadilika dakika au hata saa kadhaa kabla, nao wasihisi lolote. Mwaka 2013 matabibu wa Melbourne, Australia, walitangaza habari za wagonjwa 15 waliotiwa chombo cha kupima ubongo, chenye taa ya kuwaonya: ikiwaka nyekundu, hatari i karibu. Baadhi yao kiliwaonya vyema, wengine hakikuwafaa.

Mama akauliza: "Basi, sheikh, akisema harufu, nifanye nini?"

Tukamjibu: Mwamini. Mwondoe karibu na jiko na kisima, umlaze chini. Akianza kutikisika, mgeuze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, wala usimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko kinywani. Ikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Na dawa usizikatishe ila kwa amri ya daktari. Ramadhani ikikaribia, mwulizeni daktari mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na kuruka dawa huweza kuleta kifafa.

Bukhari na Muslim wamepokea habari za mwanamke aliyemwendea Mtume wetu (S.A.W.) akishitakia kuanguka kwake na kufunuka nguo. Mtume alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke, naye akaombewa. Mtume hakumtenga wala hakumwaibisha. Na ni yeye huyo huyo aliyetuamrisha kujitibu.

Basi, enyi mama zetu na dada zetu, dua na dawa hazigombani. Mtoto anapowaambia kuna kitu kinakuja, msimnyamazishe. Anawapa nafasi ya kumwokoa.

Wabillahi tawfiq.