Kura: Neno na Asili Yake

Juma lililopita, baada ya darsa mjini Bungoma, mama mmoja aliniuliza: "Sheikh, mbona tukipanga zamu za chama twasema twapiga kura, na kumchagua mbunge pia ni kupiga kura?"

Neno ni la Kiarabu, qur'a, na maana yake ya asili ni ile ya chama: kutazama fungu litamwangukia nani. Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Sura Aal-Imran, aya ya 44, yataja waliotupa kalamu zao ili ajulikane atakayemlea Bibi Maryam. Hapo mja hachagui. Amemwachia Mola wake.

Kura ya uchaguzi ni kinyume chake, japo jina ni moja. Kwangu mimi yafanana zaidi na ushahidi. Wazee wa Kitale na Bungoma hawajasahau mlolongo wa 1988, wakati wa uteuzi wa KANU, watu walipojipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Uchaguzi mkuu wa 1992 ulipofika, mlolongo ulikuwa umekwisha kuondolewa.

Yule mama akainamisha sauti: mumewe amekwisha mwagiza pa kutia alama. Nikamwambia, zamu ya chama hukujia tu, lakini ushahidi utaulizwa wewe, si yeye. "Na akijua?" Nikamjibu kwamba mle kibandani hakuna mlolongo.