NFL Inakuja Kuvuna. Nani Anapanda?

Watu wangu, leo hakuna klipu. Leo naandika tu, na najua kuna wenye watakasirika. Sawa.

Mnaonifuata mnajua mimi ni mgonjwa wa futiboli ya Kimarekani. Si soka, ule mchezo mwingine wa helmeti na mabega makubwa ya plastiki. Hapa Webuye mashabiki wake tunatoshea kwa Probox moja, na vile Probox za huku hubeba, bado kuna nafasi.

Septemba 2025, usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tisa, nilikuwa macho. Chiefs na Chargers walikuwa wanacheza São Paulo, Brazil, na YouTube ilirusha mechi bure karibu dunia nzima. Watazamaji walikuwa zaidi ya milioni 17 kwa wastani. Mimi nilikuwa mmoja wao, simu iko kwa chaja, mvua inapiga mabati, bando inaisha. Chargers walishinda 27-21. Asubuhi nilikuwa zombi, lakini nilijiona mtu wa maana sana.

Kwa wenye hawajui, hizi si mechi za maonyesho. Ni za msimu wenyewe, zinaingia kwa jedwali. NFL iko na timu 32 na kila timu hucheza mechi 17 tu kwa msimu wa kawaida. Linganisha na Ligi Kuu ya Uingereza ambapo timu hucheza 38. Kwa hivyo timu ikikubali mechi yake ya nyumbani ipelekwe ng'ambo, imetoa kitu cha bei. Walianza Mexico City mwaka 2005, watu zaidi ya laki moja wakajaa Azteca. London ikafuata 2007, Munich 2022, São Paulo 2024. Mwaka 2025 mechi za ng'ambo zilikuwa saba: London tatu, halafu Dublin, Berlin, Madrid na hiyo ya São Paulo. Kule Dublin walicheza Croke Park, uwanja wa michezo ya asili ya Waairishi.

Na mechi za Ulaya zinatufaa sisi kuliko watu wanavyofikiria. Mechi za Jumapili huko Marekani zikianza mapema sana, kwetu ni saa mbili usiku. Ile kubwa ya mwisho inaanza saa tisa na dakika ishirini usiku, wakati wenye akili wamelala. Lakini za London na Dublin zinaanza saa kumi na nusu jioni yetu. Jua bado liko. Watu wametoka kanisani, wamekula.

Ndiyo nikaanza kuegemeza simu kwa chupa ya soda pale kibandani, na vijana wa raga wakaanza kusimama nyuma yangu. "Khocha, mbona hawa wanasimama simama?" Nikawaeleza: una nafasi nne kusogea yadi 10. Ni kama kupimiwa shamba kwa kamba. Ukifika, unapimiwa kipande kingine. Ukishindwa, mwenzako anachukua jembe. Wakaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

Sasa kosa langu.

Nikatengeneza klipu: "Nyota wa NFL anayefuata anatoka Bungoma!" Muziki mzito, vijana wetu wakiangushana kwa tope. Ikatembea kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Siku chache baadaye kijana akaniandikia inbox. Form Three, namba nane, kilo 96. Aliona klipu. Halafu akapata mtu mtandaoni anasema kuna majaribio ya NFL Nairobi, usajili ni elfu nne. Alikuwa ashatuma elfu mbili. Mama yake aliuza kuku. Alichotaka kwangu ni ushauri: aache shule kabisa ajiandae, ama angoje likizo?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Siwezi kumhubiria mtu kuhusu shule. Lakini nilikaa na hiyo simu mkononi nikaona aibu, kwa sababu mimi ndiye nilimuuzia hiyo ndoto. Yule tapeli alikuja tu kuchukua malipo. Nilimwambia asitume hata bob ingine, arudi darasani. Klipu nikaifuta.

Kwa hivyo wacha niseme leo kile sikusema kwa klipu.

Mkenya amewahi kufika. Daniel Adongo alitoka raga, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli, na Desemba ya mwaka huo akaingia uwanjani kwa mechi ya msimu. Ni historia, na hakuna mtu atamnyang'anya. Lakini mechi alizocheza ni za kuhesabu kwa vidole, na kufikia mwisho wa 2015 safari yake pale ilikuwa imeisha. Huyo alikuwa mwanaraga aliyekuwa ashacheza New Zealand na Afrika Kusini. Si mtu wa kubahatisha.

Wapo waliofanikiwa zaidi. Jordan Mailata wa Australia alitoka raga ya ligi, Eagles wakamchukua 2018, na Februari 2025 akabeba Super Bowl. Mnapenda kunitumia video zake. Lakini piga hesabu. Tangu 2024 kila timu ya NFL iko na nafasi moja maalum ya mchezaji wa kimataifa kwa kikosi cha mazoezi. Timu 32, nafasi 32. Hizo ni za dunia nzima ukitoa Marekani na Canada. Wasamoa wako hapo, Wanigeria wako hapo, Wajerumani wako hapo. Na hata ukiipata, hiyo ni kikosi cha mazoezi.

Mwaka 2023 NFL walileta kambi Nairobi. Tulishangilia, mimi mbele ya wote. Lakini kambi ni nini? Unakuja na saa ya kupima mbio na kamba ya kupima urefu, unaangalia nani ameiva, unaenda naye. Hayo ni mavuno. Watu wa Kitale na Bungoma hatuhitaji kuelezwa tofauti ya kuvuna na kupanda. Hakuna mtu huingia shamba la mahindi Agosti na gunia kama hakuna aliyeamka Machi na jembe.

Na aliyeamka Machi tunamjua. Ni yule mwalimu wa shule ya upili anayefundisha raga jioni bila marupurupu, na filimbi amenunua mwenyewe. Huyo ndiye alipanda Kakamega School, huyo ndiye alipanda timu ya Kenya iliyopiga Fiji 30-7 fainali ya Singapore mwaka 2016. NFL ikimchukua kijana wa raga, inavuna kazi ya huyo mwalimu.

Kuna atakayesema, "Wewe una wivu, mlango hata ukiwa mmoja ni mlango." Ni kweli. Ukiitwa kwa njia halali, enda, nitakusindikiza mpaka stage. Lakini angalia wenzao wa kikapu. NBA, pamoja na FIBA, walianzisha ligi hapa Afrika mwaka 2021, wakaanzia Kigali. Msimu wa 2025 Nairobi City Thunder wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza humo. Si kijana mmoja amechukuliwa. Ni timu nzima, na kocha wake na mashabiki wake. NFL inapeleka mechi za msimu kwa wenye pesa ya tiketi, London na Madrid. Kwetu inaleta saa ya kupima mbio. Mpaka leo hakuna mechi hata moja ya msimu imechezwa Afrika.

Mimi sitaki mechi Kasarani kesho. Nataka mchezo wenyewe, mpira kwa mkono wa mtoto.

Na upo wa bei rahisi. Unaitwa flegi. Hakuna kuangushana, hakuna helmeti. Watano kwa watano, kila mmoja ana vitambaa viwili kiunoni, ukimnyofoa kimoja mwenye mpira ameshikwa. Utachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Mpira mmoja na leso kuukuu iliyokatwa vipande vinatosha.

Najua vinatosha kwa sababu tumeanza. Jumamosi, saa nane, kiwanja cha shule ya msingi. Mara ya kwanza tulikuwa saba. Mara ya tatu wasichana walikuja, na kuna mmoja bado hakuna mvulana amewahi kushika kitambaa chake. Yule kijana wa kilo 96 pia huja akiwa likizo. Ni mzito kwa flegi, anakimbizwa vibaya, anacheka sana. Elfu mbili ya mama yake haijarudi.

Kwa hivyo mkisikia NFL inakua duniani, msiulize ni nani amechukuliwa. Ulizeni ni wangapi wanacheza Jumamosi. Webuye tuko kumi na tisa. Kitale, Kimilili, Bungoma mjini, nyinyi mko wangapi? Leteni timu, leso tutakata.