Meza ya Bia na Meza ya Shauri

Wanachama wenzangu,

Siku hizi limetajwa mara nyingi shauri la kuuhamisha mkutano wetu wa kila mwezi kutoka chumba cha chama, uwe katika ukumbi wa bia wa mtindo wa Kijerumani, wenye meza ndefu na muziki. Wanaolitaka jambo hili husema kwamba watu watahudhuria kwa wingi, na kwamba penye kunywa pamoja hapana mkubwa wala mdogo. Maneno hayo hayakosi ukweli, basi haifai kuyatupa bila ya kuyapima. Nami naona mizani yake ni mji wa Munich katika Ujerumani, ambako kumbi za namna hii zina sifa kubwa.

Ukumbi ulio mashuhuri kupita zote huko ni Hofbräuhaus. Mwanzo wake ni kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1589 na Wilhelm V, mtawala wa Bavaria, kwa ajili ya nyumba yake; watu wote wakaruhusiwa kuingia mwaka 1828, na hata leo ni mali ya serikali ya Bavaria. Mgeni aingiapo jioni hutafuta nafasi penye benchi, huuliza kama pana mwenyewe, kisha huketi bega kwa bega na watu asiowajua. Karani aweza kuketi kando ya hakimu, wala hapana anayestaajabu. Bia huletwa katika kikombe kikubwa cha lita moja chenye mkono, nacho kimetiwa mstari uonyeshao mahali lita inapotimia, ili mnunuzi aione haki yake kwa macho yake mwenyewe. Wateja wa siku zote wana meza zao, na baadhi yao huweka vikombe vyao katika kabati la chuma lenye makufuli.

Tena katika bustani za bia za mji huo mtu aweza kuja na chakula alichopikiwa nyumbani. Desturi hiyo yatokana na amri ya Mfalme Maximilian I ya mwaka 1812, iliyowaruhusu wenye viwanda kuuza bia penye maghala yao, lakini chakula wasiuze ila mkate. Hivyo mwenye mshahara mdogo hufungua kifurushi chake bila ya haya. Kipimo kilicho wazi na kiti kisicho na cheo ni mambo mema, na chama chetu chaweza kujifunza kwayo.

Lakini yafaa tusome na ukurasa wa pili. Kwa kuwa kumbi hizo zilikuwa kubwa na zenye kukodishwa, vyama vya siasa vilikutana humo. Tarehe 24 Februari 1920, katika ukumbi wa juu wa Hofbräuhaus, Hitler alitangaza madai 25 ya chama chake mbele ya watu wapatao 2,000. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1923 aliingia na watu wenye silaha katika ukumbi mwingine wa bia, Bürgerbräukeller, ambamo kamishna mkuu wa serikali ya Bavaria alikuwa akihutubia. Akapiga bastola darini, akatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wakuu watatu wakapelekwa chumba cha pembeni. Waliporudi wakasema maneno ya kumkubali, na umati ukashangilia. Kabla ya mapambazuko wakuu hao walikwisha kuyakana maneno yao. Siku ya pili waasi walipambana na polisi barabarani. Polisi wanne wakauawa, na waasi wengi zaidi ya hao, na uasi ukavunjika.

Sisemi kwamba bia ndiyo iliyoleta msiba ule. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vitani mwaka 1918, na kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa mark trilioni 4.2, hata mshahara wa karani ukawa karatasi tupu. Hasira ilikuwapo kabla ya kikombe kujazwa. Lakini ukumbi wa bia ulimpa msemaji masikio yaliyo tayari. Penye kelele, mwenye kupaza sauti husikiwa, na mwenye kuuliza swali huambiwa aketi asiharibu furaha. Ulimi hauna mfupa, na ukisha kulowa huahidi usichoweza kutenda.

Natuyarudie mambo yetu. Kwanza, wako wanachama ambao dini yao yawakataza kileo. Je, waketi mlangoni huku wenzao wanakata shauri la ada yao? Pili, wako makarani wa daraja la chini ambao ikifika tarehe ishirini hawana kitu mfukoni. Penye desturi ya kununuliana kwa zamu, mtu huyo atakopa ili asidharauliwe, au atabaki nyumbani, na sauti yake itapotea. Tatu, mwandishi wa chama apaswa kuandika kila neno lililokubaliwa. Ataandika nini ikiwa hasikii? Na mshika fedha atasoma hesabu mbele ya watu gani, ikiwa wanaimba?

Wengine watajibu kwamba chumba chetu ni kikavu na watu hawaji. Ni kweli kwamba hawaji, lakini dawa yake ni kuanza kwa saa iliyotangazwa, kutofanya hotuba ndefu, na kuwajibu wanachama waliotuandikia malalamiko. Mtu huja mahali anapopata jibu.

Basi maoni yangu ni haya: mkutano ubaki chumbani, hesabu zisomwe, kura zipigwe, na daftari litiwe sahihi. Baada ya hapo apendaye na aende ukumbini kwa fedha yake mwenyewe, akae na wenzake kwa furaha. Lakini mwenye kiti na ahesabu mikono kabla ya bia, si baada yake.

Ni mimi,
Mwanachama mwenzenu