Kalamu ya Wino: Ya Babu au ya Dukani?

Wahenga waliamba kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Katika suala la kalamu za wino za kifahari, naonelea kwamba methali hii haijachuja hata kidogo. Nyingi kati ya kalamu mpya za bei ghali hununuliwa kwa unyemi wake, ilhali zile za kale zilinunuliwa ili ziandike.

Hoja yangu si ya kinadharia tu. Nyumbani kwetu Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, nyanya ametunza sandukuni Parker 51 ya marehemu babu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Binamu yangu anafuzu mwaka huu, na ami zangu wanapendekeza kalamu hiyo iuzwe kwa wapenzi wa vitu vya kale huko Nairobi, pesa ziongezwe, kisha binamu anunuliwe Parker 51 mpya iliyo ndani ya kasha lake. Eti jina ni lile lile!

Jina ni lile lile, kalamu siyo. Parker 51 ya awali iliingia sokoni mwaka wa 1941. Ilipewa nambari hiyo kwa kuwa uundaji wake ulikamilika mwaka wa 1939, kampuni ilipotimiza miaka 51. Ncha yake ya dhahabu ilifichwa ndani ya gamba la plastiki, ikaachwa sehemu ndogo tu nje, ili wino usikauke mwandishi anapositisha mkono kufikiri. Nyuma ya ncha mna kikusanyio chenye mifereji myembamba kinachozuia wino usidondoke. Kifuniko nacho husukumwa tu, hakizungushwi. Huenda msomaji akaliona hili kuwa jambo dogo. Mwalimu mwenye madaftari 50 ya kusahihisha, anayefungua na kufunga kalamu kila mara, hawezi kuliona dogo.

Kalamu iliyotolewa kwa jina hilo mwaka wa 2021 imeiga umbo la mtangulizi wake, lakini kifuniko chake ni cha kuzungusha. Ncha ya toleo la kawaida ni ya chuma kisichoshika kutu. Anayetaka dhahabu sharti alipie toleo la juu. Wino hutiwa kwa katriji, au kwa kijibomba cha kufyonzea kinachochomolewa. Mfumo huu una faida zake, na si haki kuzificha: kalamu husafishika kwa urahisi, na kijibomba kikiharibika hununuliwa kingine.

Wala za kale zisitukuzwe zote. Zile za kati ya 1941 na 1948 zilifyonza wino kwa kiwambo cha mpira, na mpira huoza. Aliyerithi kalamu ya aina hiyo hana budi kumsaka fundi, na mafundi wa kazi hii ni haba mno. Ya babu ni ya mfumo ulioanza 1948, wenye kifuko cha plastiki kinachobinywa mara kadhaa ili kuvuta wino. Vifuko vingi vya aina hiyo vingali vinafanya kazi baada ya zaidi ya nusu karne. Ami zangu wameitazama rangi ya kalamu iliyofifia, hawajaifungua.

Mwelekeo huu hauihusu Parker peke yake. Chukua mathalani Meisterstück 149 ya Montblanc, ambayo imekuwapo tangu 1952. Hii imebaki karibu na mzazi wake, kwani mpaka leo hufyonza wino kwa pistoni iliyomo mwilini mwake, na nchani huandikwa 4810, kimo cha mlima Mont Blanc kwa mita. Hata hivyo, ulimi unaopeleka wino nchani, ambao zamani ulikuwa wa eboniti, sasa ni wa plastiki. Kalamu hii leo huonekana zaidi mikononi mwa wanaotia sahihi mikataba mbele ya kamera. Sahihi moja haiwezi kuipima kalamu.

Kuna atakayeuliza jambo hili linatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili. Neno kalamu tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kigiriki, lenye maana ya mwanzi. Waandishi wa miswada ya Siyu na Pate walichonga mianzi yao, na ncha ilipokuwa butu waliichonga tena. Wajaluo nao husema kalam. Neno limesafiri hadi Rangwe, lakini istilahi za sehemu za kalamu yenyewe hazijasafiri nalo. Hilo kikusanyio nililolitumia hapo juu nimelibuni mwenyewe. Wahadhiri wetu wana ruhusa kunikosoa.

Ami zangu watakutana Desemba. Nitakachowaomba ni kikombe cha maji baridi, kalamu ioshwe kwa kufyonza na kutema mpaka maji yatoke meupe, kisha itiwe wino wa kawaida wa kalamu. Si wino wa kuchorea, ambao ukikauka huziba mifereji. Binamu aandike ukurasa mmoja mbele yao. Ikigoma, wauze.