Foleni ya bildi si umaskini wa mashine, ni uvivu wetu

Nimeadimika kama wiki mbili hivi, mnisamehe. Kazi zilibana. Nilipanga nirudi na vitu vyepesi vyepesi, lakini kuna jambo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na nisipolitoa leo sitalala. Leo naongelea foleni. Hapana, si ile ya Mwenge wala Ubungo, ile tumeshaizoea. Naongelea foleni ya ndani ya kompyuta, inayowachelewesha watu wa programu na, kama mtakavyoona, inayoweza kumchafulia mtu jina.

Mkasa wenyewe uko hivi. Pale ninapofanya kazi tulitoa ukurasa maalumu wenye jedwali la makandarasi: nani kapigwa faini, nani yuko safi. Data nilikusanya mimi, ukurasa wakautengeneza vijana wetu wa programu. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Nikafungua jedwali. Mstari mmoja ulikuwa umeteleza, faini ya mtu mwingine imekaa mbele ya jina lake. Mzee wa watu hajawahi kupigwa faini hata ya shilingi mia. Nikakimbia kwa mwenzangu wa programu, naye, Mungu ambariki, akaliona kosa na kulirekebisha kwa dakika mbili. Nikampigia mzee kumwambia tumeshasahihisha. Baada ya nusu saa akapiga tena. "Mwanangu, mbona mimi bado naliona?"

Hata mimi nilikuwa bado naliona. Mtu yeyote mwenye simu alikuwa bado analiona. Marekebisho yalikuwa tayari, yamekaa kwenye foleni yakisubiri zamu. Yalisubiri dakika 70, kisha yakachukua dakika 10 kujengwa. Jumla dakika 80 za jina la mtu kuchafuliwa kwa kosa ambalo tiba yake tulikuwa nayo mkononi!

Kwa wasioijua kazi hii, nifafanue kidogo. Zamani watu wa programu walikuwa wanaandika kila mmoja kivyake kwa wiki kadhaa, halafu siku ya kuunganisha kazi inakuwa msiba. Ndipo ukaenea utaratibu wa kuunganisha kazi kila siku, hata mara kadhaa kwa siku. Ukituma badiliko lako, mashine inaijenga programu upya, inaifanyia majaribio, na ikifaulu ndipo inaruhusiwa kwenda kwa watumiaji. Martin Fowler aliandika makala maarufu kuhusu jambo hili mwaka 2000 na kuiandika upya mwaka 2006. Kohsuke Kawaguchi, akiwa Sun Microsystems, akatengeneza programu ya kuendesha kazi hiyo iliyoitwa Hudson, ambayo tangu mwaka 2011 inajulikana kama Jenkins. Leo ziko nyingi za aina hiyo. Ujenzi mmoja pamoja na majaribio yake vijana wanauita bildi. Ni utaratibu mzuri na siupingi hata kidogo. Tatizo ni kwamba watu wanaotuma ni wengi na mashine ni chache. Sisi tunazo mbili.

Jioni ile kikaitwa kikao. Mnadhani uamuzi ulikuwa nini? "Tuongeze mashine." Wote wakatikisa vichwa, hoja ikapita, watu wakaanza kukusanya madaftari. Mimi si mtu wa programu, ila uandishi umenifundisha kwamba jibu linalopatikana haraka namna hiyo lina kitu limekificha. Nikaomba kitu kimoja tu: nionyesheni nani walikuwa mbele yangu kwenye ile foleni.

Walikuwa 14. Bildi tano ni za mwenzetu mmoja aliyetuma kazi ile ile mara tano ndani ya dakika ishirini, kila mara akirekebisha kitu kidogo. Nne za mwanzo zilikuwa maiti, maana toleo la tano lilishazifuta zote, lakini mashine ikazijenga na kuzipima kwa heshima zote. Bildi nne ni za roboti inayopandisha matoleo ya maktaba za programu, kazi ambayo ingeweza kufanyika saa nane usiku. Moja ni marudio ya jaribio ambalo kila mtu ofisini anajua ni kigeugeu, leo linafeli, kesho linapita, bila mtu kugusa chochote. Mbili zilikuwa za faili la maelezo, lile la kusomwa na binadamu tu, ambalo haligusi programu. Mtu kaondoa mkato, akatuma. Kaurudisha mkato, akatuma.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Ndiyo, mimi mwenyewe. Mikato yangu miwili ilijengewa programu nzima mara mbili na kufanyiwa majaribio yote, wakati mzee wa watu anapigiwa simu na ndugu zake kuulizwa ni faini gani hiyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mkato una gharama. Na hicho ndicho kiini cha hoja yangu: kusubiri kunahesabiwa kuwa bure kwa sababu anayeisababisha foleni siye anayeumia.

Toa hizo 11 na mbele yangu wanabaki watatu. Kwa mashine zetu hizo hizo mbili ningesubiri kama dakika 10.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua wapo watakaosema huyu mwandishi analeta ushairi kwenye mambo ya kitaalamu. Hesabu za foleni si ngeni. A. K. Erlang, raia wa Denmark, alianza kuzichapisha mwaka 1909 akishughulikia simu za Copenhagen. Chukua mfano rahisi: mashine moja, bildi zinakuja bila mpangilio, zinatofautiana sana kwa urefu, na kwa wastani moja inachukua dakika 10. Mashine ikiwa na kazi asilimia 50 ya muda wake, utasubiri wastani wa dakika 10 kabla ya zamu yako. Ikifika asilimia 80, dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190! Mnaona? Foleni haipandi ngazi kwa ngazi, inaruka ukuta.

Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo habari njema. Kwenye asilimia 90, ukipunguza moja ya tano tu ya bildi zinazoingia, mashine inashuka hadi asilimia 72 na kusubiri kunashuka kutoka dakika 90 hadi kama 26. Hujanunua kitu. Umeacha tu kujenga maiti na mikato.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Mashine ya ziada nayo ingepunguza foleni, tena sana, na ipo siku kazi halali zitazidi mashine na tutalazimika kulipa. Ila mashine hizi wengi tunazikodi kwa dakika na kwa dola. Kuongeza mashine kabla ya kufagia uchafu ni sawa na kununua tanki la pili nyumbani kwako wakati bomba la bafuni linavuja. Na tukishaiona ipo nafasi, tutaijaza. Roboti itatuma zaidi, mimi nitaondoa mikato mitatu.

Hoja ya pili inayonikera ni hii ya "majaribio yote, kila mara, ndiyo usalama". Jamani, wakubwa wenyewe hawafanyi hivyo. Wenye Firefox walieleza mwaka 2020 kwamba walikuwa na mafaili ya majaribio yapatayo 85,000, yanayoweza kuendeshwa katika mazingira kama 90 tofauti, na mabadiliko zaidi ya 300 kwa siku. Kuendesha yote kwa kila badiliko ingekuwa kama mara bilioni 2.3 kwa siku. Wakafundisha programu itazame kila badiliko na kuchagua majaribio yanayolihusu. Nao Google waliandika mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ugeugeu wa kiwango fulani. Kama Google wanakiri hadharani, sisi tunaona aibu gani kulitoa jaribio kigeugeu pembeni, likapewa mwenyewe na tarehe ya kulitibu, badala ya kulirudia rudia kama dua?

Tena huo usalama wanaoutetea unaliwa na foleni yenyewe. Watu wakichoka kusubiri wanafanya mambo mawili. Kwanza wanalimbikiza kazi ya siku tatu na kuituma kwa mkupuo, hapo ikivunjika hakuna anayejua ni mstari upi ulioivunja, na tumerudi kule kule kwenye msiba wa zamani. Pili, wanatafuta njia za panya. Mwezi huo huo wa mkasa wangu nimeshuhudia mwenye funguo akipitisha kazi usiku bila jaribio hata moja, "kwa sababu foleni ni ndefu". Fowler kwenye ile makala ya 2006 aliunga mkono kipimo cha bildi ya dakika 10. Alijua binadamu ana subira kiasi gani.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na nimeshayapeleka kwa maandishi. Toleo jipya la kazi ile ile likitumwa, la zamani lifutwe lenyewe kwenye foleni, isipokuwa kwenye tawi kuu ambako kila badiliko linahitaji kumbukumbu yake. Faili la maelezo lisiamshe majaribio. Roboti wafanye kazi usiku. Majaribio mafupi yatangulie, ili kazi mbovu ifeli ndani ya dakika moja na kupisha wengine. Halafu iwepo njia ya dharura ya kusahihisha makosa yanayoumiza watu, ambayo haikwepi majaribio, inatangulizwa tu, kama gari la wagonjwa. Na ilindwe! Tumeona njia ya mwendokasi inavyoingiliwa na kila mwenye haraka zake. Kila mtu akiwa na dharura, hakuna mwenye dharura. Jina la anayeitumia liandikwe pamoja na sababu yake.

Vijana wa programu wananiambia kazi yote hiyo ni ya siku mbili tatu. Imeahirishwa mwaka mzima.

Mzee nilimwendea mwenyewe kuomba radhi, maana kwa simu nisingeweza. Alinipokea vizuri, akaagiza chai. Nikajitahidi kumweleza habari za bildi na foleni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, hao waliokuwa mbele yangu kwenye foleni, wao walikuwa na shida gani?"

Nikakumbuka ile mikato yangu miwili. Sikuwa na la kumjibu.

Kikao cha kununua mashine ni Jumatatu. Nitakwenda na ile orodha ya watu 14, jina langu likiwemo. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Nawasilisha.