Wali Tugawane, Dawa Tusigawane

Mzazi mmoja wa Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa katika wilaya ya Kyela, ametuletea barua. Mwanawe mdogo aliugua nimonia, akapewa kituo cha afya vidonge vya amoksilini vya siku tano. Siku ya tatu mtoto alikwisha kuanza kucheza, na dada yake wa miaka tisa, aliyekuwa na mafua, akaomba apewe vidonge vilivyosalia. Mama akakataa. Binti akalia, akisema kwamba katika nyumba yao kila kitu hugawanwa, hata usipa wawili katika sahani. Mzazi atuomba tumweleze binti huyo na watoto wenzake sababu ya kukatazwa.

Kwanza twamsifu binti kwa swali lake. Alilofundishwa nyumbani ni haki, kwani dini yetu yatutaka tumkumbuke ndugu na jirani kabla hatujashiba. Lakini dawa si chakula, na tofauti yake imo ndani ya kidonge chenyewe.

Sikilizeni basi, watoto. Nyinyi wa Kyela mwaijua mvua kuliko wengi, maana kwenu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwajua kwamba ukuta wa udongo ulioachwa na nyufa hauwezi kushindana na masika. Sasa, nimonia ya mtoto mara nyingi huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kila bakteria wa namna hiyo huishi ndani ya ukuta alioujenga kuuzunguka mwili wake. Maji hutaka kumwingia kila wakati, na ukuta huo ndio unaomzuia asipasuke. Anapokua na kuzaana, hapana budi aongeze ukuta mpya.

Hapo ndipo amoksilini ifanyapo kazi yake. Humzuia fundi asiunganishe matofali. Ukuta hubaki na nyufa, maji huingia, kijidudu hupasuka na kufa. Miili yetu sisi haikujengwa kwa kuta za namna hiyo, na kwa hiyo dawa hupita ndani yetu bila kutubomoa.

Mkilifahamu jambo la ukuta, mtafahamu na mengine. Mafua huletwa na virusi, na virusi hana ukuta wa kubomolewa. Ukimpa mwenye mafua amoksilini, dawa itazunguka mwilini isione adui wake, na huenda ikamwachia kuharisha au vipele. Mafua huondoka yenyewe kwa siku chache, kwa mapumziko na vinywaji vya kutosha. Kadhalika kidudu cha malaria hakina ukuta huo, na kwa hiyo mwenye homa yafaa apimwe kwanza, ijulikane ni ugonjwa gani, kabla ya kupewa kidonge.

Mtauliza: ikiwa mdogo wetu amekwisha kupona, vilivyosalia ni vya nini? Kucheza kwake ni dalili kwamba bakteria wengi wamekufa, bali si kwamba wote wamekwisha. Tena amoksilini haikai sana mwilini. Baada ya saa chache nyingi yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana mtoto mwenye nimonia hupewa asubuhi na jioni, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Ukiruka zamu, waliosalia huanza tena kujenga, na ugonjwa waweza kurudi.

Dawa hii ni ya ukoo wa penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, alipoona kuvu limeota katika chombo chake na bakteria waliokuwa jirani yake wamekufa. Miaka 12 ikapita kabla Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, katika mji wa Oxford, hawajaweza kuitoa dawa ndani ya kuvu hilo na kuisafisha. Februari 1941 walimpa askari polisi aliyeitwa Albert Alexander, ambaye vijidudu vilikuwa vimemla uso na jicho. Kwa siku chache alipata nafuu kubwa. Lakini dawa ilikuwa haba mno, hata wakakusanya mkojo wake ili waitoe tena humo. Ikawaishia, ugonjwa ukarudi, naye akafa tarehe 15 Machi. Mtu yule alikosa dawa kwa kuwa haikuwapo duniani. Je, si vibaya sisi kuikatiza nayo imo mkononi?

Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1940 Chain na mwenzake Edward Abraham walikwisha kuona kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kitu kama mkasi, wakaikata penisilini kabla haijawafikia. Kila mara tutumiapo dawa hizi bila haja, au kwa kipimo pungufu, wanyonge hufa na wenye mkasi huachiwa nafasi ya kuzaana. Huo ndio usugu. Fleming mwenyewe alionya juu yake mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel. Na mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua watu milioni 1.27 duniani. Kwa hiyo kidonge anywacho mwenye mafua leo chaweza kumnyima dawa mtoto wa jirani kesho. Huko ni kumpunguzia ndugu yako, wala si kugawana naye.

Watoto wakubwa wanaweza kusaidia kwa njia iliyo njema zaidi: kuwakumbusha wazazi saa ya dawa, na kuchemsha maji ya kuyeyushia kidonge wakiwa pamoja na mtu mzima.

Kwenu wazazi twasema haya. Msinunue dawa hizi dukani kwa kukisia, wala msiweke akiba ya vidonge vya mgonjwa wa jana. Kama mtoto aliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, mwambieni mganga kabla hajaandika. Mtoto mwenye kikohozi mhesabuni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi minne, ni dalili ya kumpeleka kituoni siku hiyo hiyo. Na kama kifua chabonyea ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au atapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea hata haamki, msingoje kuche, hata kama mvua yanyesha.

Mwenyezi Mungu awajalie watoto wetu afya. Amin.