Geti la Edale

Mwezi uliopita nilituma picha kwenye kundi letu la familia: geti la mbao katikati ya shamba la kondoo, kijijini Edale, na mkono wangu unalifungua ili nipite. Binamu yangu hakuchelewa kujibu. "Unaona wenzetu? Mzungu anakuachia upite shambani kwake. Sisi ustaarabu huo tutaupata lini?"

Nimechoka na jibu hilo. Nimelisikia kwa wanafunzi wenzangu wa uzamili hapa Manchester, nimelisikia kwa wajomba, na nakiri kwamba wiki ya kwanza nililisema mwenyewe.

Edale ni kijiji kidogo cha Derbyshire, watu wake hawafiki mia nne. Unashuka kwenye treni ya Sheffield, unapita kanisa, unafika kwenye baa kuukuu iitwayo Old Nags Head, na hapo ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 431 inayokwenda hadi Kirk Yetholm, Uskoti. Inakata mashamba ya watu. Hubishi hodi kwa mkulima. Unafunga geti nyuma yako, mbwa wako unamshika kamba, unakwenda zako.

Sasa tuulize ustaarabu huo aliuleta nani. Mlima unaokiegemea kijiji unaitwa Kinder Scout. Zamani ulifungwa ili matajiri wawinde ndege siku chache za mwaka, na siku zilizobaki walinzi walikuwa wakiwatimua watembeaji. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana mia kadhaa, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliupanda kwa makusudi. Kundi jingine likatokea upande wa Edale. Walikumbana na walinzi, wakasukumana. Watano walifungwa jela, na kiongozi wao Benny Rothman, kijana wa miaka 20, alipewa miezi minne. Duke wa Devonshire aliomba radhi hadharani kwa niaba ya familia yake mwaka 2002. Hesabu mwenyewe: miaka 70.

Sisemi jela peke yake ndiyo iliyoleta njia. Kulikuwa na waandishi, kulikuwa na vyama vya watembeaji, na sheria ya mwaka 1949 iliwalazimisha wakuu wa mitaa kuchora ramani ya njia za miguu. Pennine Way ilifunguliwa mwaka 1965. Lakini nionyesheni hapo mahali ambapo mwenye ardhi aliamka asubuhi akajawa na huruma. Na hata leo, haki ya kutembea kwa uhuru nje ya njia inafika takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Hao "wenzetu" bado wanagombana.

Binamu yangu anajua ninachokisema, maana njia yetu sote imefungwa. Kwetu ni pwani ya kusini ya Kenya. Babu alipita njia ile na madema yake begani, bibi alipita kwenda kuchokoa pweza wakati wa bamvua, nasi tukapita tukiwa watoto bila viatu. Kisha kiwanja kikauzwa, hoteli ikaanza kujengwa, ukuta ukapanda. Sasa kufika baharini ni kuzunguka karibu saa nzima, na maji kupwa hayamsubiri mtu. Wazee walikutana, wakanywa kahawa, wakasema tumwachie Mungu. Mungu hakuujenga ule ukuta.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ni yetu, ila tuitazame kwa juu ya ukuta. Tena ipo sheria ya zamani, Sura ya 22, kifungu cha 32: njia iliyotumiwa wazi, kwa amani, kama haki, miaka 20 bila kukatizwa, inakuwa haki ya waliokuwa wakiitumia. Uingereza nayo ina kanuni ya miaka 20 kwa njia za umma. Kwa hiyo tusiambiane kwamba hawa wana kitu tusichokuwa nacho. Tofauti ni kwamba sheria yetu inataka kesi ifunguliwe kabla miaka miwili haijapita tangu njia ikatizwe, na ukuta wetu una miezi kumi na minne. Kila tunapougulia ustaarabu wa Wazungu kwenye simu, mwezi mwingine unakwenda.

Nilimjibu binamu: niandikie majina ya wote waliopita njia ile, tangu mwaka gani, walibeba nini. Akatuma vikatuni vya kucheka. Nikaendelea kupanda, mvua ikanikuta juu, nikashuka nimelowa hadi soksi.

Kwenye treni nikafungua simu. Alikuwa ametuma jina la kwanza, la bibi, na chini yake ameuliza kama marehemu anahesabiwa.